Msiba wa Mwenye Tangi

Jumapili, 21 Oktoba 1956, Newala. Tangu asubuhi upepo unapanda kutoka bondeni, wa moto, unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya vyungu vilivyofunikwa. Mawingu yamesimama upande wa Ruvuma, meusi, yanatutazama tu. Mvua haijashuka.

Sikwenda kanisani. Nilivaa viatu, nikavua, nikavaa tena, mwisho mama watoto akasema, "Wewe nenda au kaa, lakini usizunguke hivyo, unanitia kizunguzungu." Kweli. Tangu Jumatano, mzee mwenye duka alipofariki, sijakaa mahali nikatulia. Hata sasa naandika mistari kidogo, nainuka, natazama mawingu, narudi. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kule Masasi, na sina hakika kama mimi ndiye wa kuandika habari za watu wakubwa kama wale. Lakini nimeshona nguo kwenye baraza lao tangu nilipotoka Lupaso kuja kuoa huku, na fundi wa barazani huwaona wanaoingia na wanaotoka.

Walikuwa wawili, mume na mke, Wahindi wa Kachi. Walifika hapa wangali vijana, wakauza chumvi na kaniki kwenye kibanda cha miti. Utajiri wao ulitoka kwenye nta na ufuta, halafu korosho. Wangeweza kuhamia Lindi kama wenzao, wakakaa karibu na bahari na ndugu zao. Hawakuhama. Kijana wao mmoja tu ndiye aliyepelekwa huko mdogo kusoma, naye akabaki huko akifanya biashara.

Huku juu hakuna maji. Tunasikia mabomba ya serikali yanapandishwa kutoka bondeni, lakini mtaani kwetu hayajafika, na wanawake hushuka ukingo wa mlima alfajiri na kurudi jua likiwa kichwani. Wale wawili walijenga tangi. Ni la saruji, kubwa kuliko nyumba yangu, liko nyuma ya duka, na mvua yote ya mabati yao, ya duka, ya ghala na ya nyumba, huingia humo. Lina bomba moja upande wa ua na moja upande wa barabara. Lile la barabarani halikuwahi kuwa na kufuli. Kila nyumba debe moja asubuhi na debe moja jioni, wagonjwa na wenye mimba hawapangi foleni. Ndiyo sheria tuliyoikuta, na sijui nani aliitamka kwanza.

Kwa nini walijenga? Wengine husema bibi, alipokuwa mgeni hapa, alishuka bondeni pamoja na majirani zake, na wakati wa kupanda mtungi ukamponyoka ukavunjika, akakaa chini akalia, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake akammiminia nusu ya maji yake. Aliporudi akamwambia mumewe hatapika tena mpaka maji yaje yenyewe. Wengine husema mzee alitazama biashara tu, kwa kuwa anayekuja kuteka maji hununua na kiberiti. Nadhani yote mawili ni kweli. Wakajenga na chumba cha wazazi pale zahanati, chenye vitanda vya chuma na dirisha la kioo, na mtoto wangu wa kwanza alizaliwa humo.

Na niandike na hili, nisije nikawa mwongo kwa kunyamaza: bei ya korosho aliipanga mzee. Mama mkwe wangu husema, "Maji yale tuliyanunua kwa korosho zetu." Huenda. Lakini wenye maduka wengine nao walinunua korosho zetu kwa bei ileile, na hawakutujengea hata choo.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye bila yeye habari hii haieleweki. Ni mama anayeuza vitumbua sokoni. Yeye ni Myao, kwao ni upande wa Masasi, aliolewa huku zamani. Wayao na Wamakonde ni watani, na mtani hukutukana bila wewe kukasirika, huchukua kitu chako bila kuomba, na siku ya msiba wako yeye ndiye mwenye kazi. Huyu mama alikwisha amua tangu zamani kwamba wenye duka ni Wamakonde. Wamekaa na Wamakonde, wanasema Kimakonde, bibi anakisema kuliko Kiswahili, basi ni Wamakonde. Kila asubuhi alipita barazani, akaingia bila hodi, akamega kipande cha sukari guru kwenye gunia.

"Mmakonde gani wewe?" humwambia mzee. "Chale huna, panya huli, na mkeo hana hata ndonya mdomoni!"

"Na wewe Myao gani," mzee hujibu bila kuinua macho kwenye mizani, "unafanya biashara kila siku unapata hasara. Vitumbua vyako nimempa mbuzi, amekataa."

"Mbuzi ana akili kuliko wewe."

"Ndiyo. Ndiyo maana hakula."

Mimi nilicheka nikapinda mshono mara nyingi.

Jumatano alfajiri mzee alifariki, kifua. Simu ilipigwa kutoka boma, na jioni kijana wao akafika kutoka Lindi kwa lori pamoja na ndugu zake wachache. Kijana nasema, lakini ana mvi. Kwao maiti huchomwa, hazikwi. Sisi tulijua hilo kwa kusikia, hatukuwa tumeliona. Wanawake wa mtaa walifanya wanavyofanya siku zote, wakaleta unga, maji, na kila mmoja mzigo wa kuni wa kupikia matanga. Ndugu wa Lindi wakaona kuni zinaingia uani, wakashukuru sana, wakazipakia kwenye lori. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema polepole, "Jamani, zile ni za kupikia ugali." Hakuna aliyekwenda kuwaambia. Tungesemaje? Basi mzee akachomwa kwa kuni zetu, na nikifikiri vizuri sioni ubaya.

Alhamisi asubuhi wakatoka naye. Kwao mwana hutangulia mbele amebeba chungu chenye moto. Alivaa nguo nyeupe, hana viatu, macho yamevimba, na chungu kinafuka. Nyuma jeneza la mianzi, nyuma yao sisi. Nilikuwa nimechota udongo mkononi kama tunavyofanya kwetu, kisha nikakumbuka hakuna kaburi la kuutupia. Nikatembea nao hivyo hivyo.

Tulipofika njia panda ya soko, mama wa vitumbua akatokea. Amevaa koti la mzee, lile la kahawia, na kofia yake nyeusi. Amelichukua kambani uani, na hiyo ni haki yake. Akatembea kama mzee alivyotembea, tumbo mbele, mkono mmoja mgongoni, akipima korosho hewani. "Hizi mbovu! Hizi mbovu! Hizi nazo mbovu, lakini nitazichukua!" Watu wakaanza kucheka huku wanalia. Halafu akajilaza katikati ya barabara, mbele ya miguu ya yule mwana.

"Hapiti mtu! Mmakonde huyu ameondoka bila kuniaga. Nipeni changu kwanza!"

Yule mwana hakumwona mapema. Alijikwaa kwenye mguu wake, chungu kikayumba, makaa yakamwagika kidogo barabarani. Hakikuanguka. Lakini nilikuwa karibu nikaona uso wake, na nadhani kwao chungu kile kikianguka ni jambo kubwa sana. Sikuuliza.

"Mwondoeni," akasema.

Hakuna aliyesogea. Kwetu mtani haondolewi, hulipwa. Hata senti moja, hata kuku, hata neno la kumtukana linatosha kumwinua. Lakini yeye hakujua, na ndugu zake hawakujua, na bibi alikuwa nyumbani maana kwao wanawake hawafuati maiti. Ndugu wawili wakamshika yule mama mikono na miguu wakamweka kando kama gunia. Kofia ikamvuka. Alibaki amekaa mavumbini. Akaiokota kofia, akaipangusa vumbi.

Jioni yake, yule mwana akatoka na kufuli jipya, akafunga bomba la barabarani. Wanawake wa zamu ya jioni walikuwa wamekwisha panga madebe. Alisema kwa Kiswahili kizuri cha Lindi, bila kupaza sauti:

"Baba yangu amewapa maji maisha yake yote. Leo mmemcheka mbele ya moto wake. Namchukua mama, nauza nyumba. Atakayenunua atajua mwenyewe maji yake ampe nani."

Mama watoto alikuwa pale bombani. Ana mimba ya miezi minane. Alirudi na debe tupu kichwani, akalishusha mlangoni, akakaa.

Sasa lawama zikaanza. Wengine wakamlaumu mama wa vitumbua, na waliosema hivyo ni walewale waliocheka sana. Mama wa vitumbua akajifungia ndani kwake, hakuuza kitu. Ijumaa asubuhi wakaja watu wa mtaa kwangu: fundi, wewe unakaa barazani kwao, nenda ukamweleze. Niliwaambia mimi si mtu wa maneno. Wakasema nenda tu.

Nilimkuta dukani anakunja majora ya vitambaa. Alinipa kiti. Nikamweleza utani, ulivyo, na kwamba yule mama alifanya vile kwa sababu ya heshima, na kwamba mtu asiye na mtani msibani kwake amezikwa kama mgeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nakiri.

"Fundi," akasema, "nikuulize nawe unijibu kweli. Baba yako akifa, mtu akavaa koti lake, akalala njiani ukajikwaa, utacheka?"

Nilipaswa kusema ndiyo. Nikafikiri kwanza, hilo ndilo tatizo langu. "Mtani akifanya hivyo nitacheka," nikasema. "Nitalia, halafu nitacheka. Lakini kama ningekuwa sijui utani, ningempiga teke."

"Basi mimi sijui utani," akasema, akaendelea kukunja.

Nilirudi nyumbani nikaeleza yote, hata lile la teke. Mama mkwe hasemi nami uso kwa uso, ndiyo adabu, husema kutoka upande wa pili wa ukuta wa miti kana kwamba anaongea na kuku wake. Akawaambia kuku: "Tulitaka kutuma mtu mwenye mdomo, tukatuma mwenye mizani." Mama watoto alicheka, kisha akashika kiuno chake.

Jumamosi alfajiri alifunga kitenge tumboni ashuke bondeni. Nikamwambia hapana, naenda mimi. Nilibeba debe begani. Njia ile inashuka kama ngazi iliyobomoka, na nilipofika kwenye chemchemi nikawakuta wanawake wengi wamekaa kwenye mawe wakisubiri zamu, mwanamume ni mimi peke yangu.

"Karibu, fundi! Umekuja kutupima magauni?"

"Mwacheni, amesikia maji yanashonwa siku hizi."

"Shona basi, fundi, shona debe langu, linavuja!"

Nilicheka nao. Lakini wakati wa kupanda niliwaza kitu kimoja tu: mke wangu angejikwaa hapa, au pale, au kwenye ule mzizi. Nilifika juu na debe limepungua robo, na shati langu limelowa maji ambayo yangetosha kupikia uji. Maji yale tuliyanywa, hayakubaki ya kuoga. Nikajiuliza watu hufanyaje hivi kila siku, nikakumbuka wanawake wa mtaa huu walifanya hivi miaka yote kabla ya tangi, na mimi nilikuwa naliona tangi kama naona jua, lipo tu.

Leo, baada ya ibada, tukasikia bibi ametuita. Alikaa barazani, penye cherehani yangu, amevaa nyeupe tupu, bangili zote amevua, mikono yake mtu hakuizoea kuiona hivyo. Mwanawe alisimama nyuma yake. Watu wengi walikuja. Tulidhani anatuaga.

"Nimeambiwa kuna mtu alilala njiani," akasema kwa Kimakonde. "Yuko wapi?"

Mama wa vitumbua akatoka katikati ya watu. Amevaa kanga safi, ushungi kichwani, na koti la mzee amelikunja vizuri amelibeba mikononi. Akapiga magoti. "Shikamoo, bibi," akasema. "Nimekuja kuomba radhi."

Bibi hakuitika marahaba. Alimtazama, na uso wake ukaanza kutetemeka, ule uso ambao tuliambiwa haukutoa chozi tangu Jumatano.

"Unaniamkia?" akasema. "Wewe? Tangu lini unaniamkia? Kwa hiyo amekufa yeye, na mimi nimekuwa mgeni?"

Mama wa vitumbua akainua kichwa.

"Miaka yote unaingia kwangu kama mwizi, leo unapiga magoti. Inuka! Na hivyo vitumbua vyako, yeye alikula mpaka akaugua kifua. Wewe ndiye uliyemuua!"

Hata mimi niliogopa. Halafu mama wa vitumbua akapiga kofi mapajani.

"Mimi? Mmakonde mzima auawe na kitumbua? Amekufa kwa ubahili huyo! Alitaka kuokoa hewa, akaacha kuvuta!"

Bibi akacheka. Alicheka akalia, akamshika yule mama shingoni wakalia pamoja, na wanawake wote wakapiga kilio, kilio ambacho Alhamisi hakikupata nafasi. Nilimtazama yule mwana. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza, anamtazama mama yake kama mtu anayesikia lugha yake inasemwa na watu asiowajua.

Walipotulia bibi akasema, "Hujalipwa. Chagua. Chochote cha marehemu ulichokitamani, chukua, mtani hanyimwi."

Watu wakaanza kumnong'oneza: chukua jora la kitambaa, chukua taa ya karabai, chukua baiskeli. Mama wa vitumbua aliingia dukani, akatembea polepole, akagusa hiki na hiki, akamega sukari guru akatia mdomoni. Kisha akatokea mlango wa nyuma, akazunguka mpaka barabarani, nasi tukamfuata. Akasimama mbele ya bomba. Akalishika kufuli akalivuta.

"Nachukua hili."

"Hilo si la marehemu," mwana akasema haraka. "Nimelinunua mimi."

"Basi wewe ni mwanawe au si mwanawe?" akauliza mama wa vitumbua. "Kama ni mwanawe, nawe mtani wangu. Nadai kwako."

Bibi alisema neno kwa lugha yao. Mwanawe akajibu. Bibi akasema tena, kwa upole, maneno marefu kidogo, na mimi sikuelewa hata moja, kwa hiyo siwezi kuandika alisema nini, ingawa mtaani tayari kuna watu wanaojua kila neno. Yule mwana akatoa ufunguo mfukoni, hakumpa mama wa vitumbua, akafungua mwenyewe. Ndipo akampa vyote viwili, kufuli na ufunguo wake.

"Nitakayemuuzia nyumba," akamuuliza, "nimwambie nini?"

"Mwambie nyumba ina mtani wake. Alale na viatu vyake mlangoni, nitavichukua."

Nilidhani atakasirika. Alikohoa. Pengine kilikuwa kicheko, pengine vumbi.

Bibi anaondoka na mwanawe mwezi ujao, hilo halikubadilika. Na atakayenunua, hakuna kinachomzuia kununua kufuli jingine, maduka yanauza. Nilimwambia mama watoto hivyo nilipoleta debe la jioni, limejaa, foleni fupi, hatua chache tu kutoka barabarani. Akasema, "Wewe kunywa maji kwanza, ndipo uhesabu mabaya yako." Upande wa pili wa ukuta mama mkwe akawaambia kuku wake kwamba mtu akitaka kufunga bomba lile tena, atapita kwanza kwa yule Myao, na heri apite kwa simba. Labda. Natamani kuwa na hakika kama yake. Nimesimama mlangoni mara kadhaa tangu hapo, na ninachosikia ni maji yanaingia kwenye madebe ya watu.

Mama watoto amelala chali, anasema mtoto anacheza. Usiku huu tumekula ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, imeiva vizuri kwa kuwa maji yalitosha, na kisamvu cha karanga. Mama mkwe amekula kwake, akaniomba mimi mkwe wake, kupitia kuku, chumvi kidogo.